Uzi Mwekundu wa Chumba cha Tisa

Mwalimu: Haloo? Naongea na nani? Hii namba siifahamu.

Dobi: Ni mimi.

Mwalimu: Mimi nani? Wenye jina hilo wako wengi.

Dobi: Dada yako, dobi wa hotelini. Hii simu ya Mama Funguo, yule mama mpya wa vyumba. Yangu iko kabatini kule getini, siku hizi wanatupekua.

Mwalimu: Aa, dada. Shikamoo.

Dobi: Marahaba. Uko wapi?

Mwalimu: Shuleni, chumba cha walimu. Mbona unahema hivyo—

Dobi: Uko peke yako?

Mwalimu: Niko na Bi Hesabu, anasahihisha madaftari. Kuna nini? Mama?

Dobi: Mama mzima. [mlio wa mashine, sauti inakwaruza] Nisikie. Wiki ile ya semina mlipolala hapa hotelini kwetu, ulilala chumba gani?

Mwalimu: Cha tisa. Si uliniandikia ujumbe mwenyewe, "mdogo wangu, umefungiwa uzi, hongera". Nikacheka tu, sikuelewa uzi gani.

Dobi: Na Bi Hesabu?

Mwalimu: Cha kumi. Ukuta kwa ukuta, nilimsikia akikoroma. Nakutania, Bi Hesabu, wewe sahihisha. Dada, kwani vipi?

Dobi: Mliingia siku moja?

Mwalimu: Siku moja, saa ile ile. Barua ya shule ilikuwa moja, majina mawili. Sema basi, unanitia wasiwasi.

Dobi: Naharibu nguo zake zote leo. Zote.

Mwalimu: Za nani?

Dobi: Za meneja. Pakiti nne za rangi nyekundu ziko hapa mezani, nimezinunua asubuhi hii nikija. Na mbele yangu kuna vitambaa vya meza mia na hamsini, vyeupe kama maziwa, vya karamu ya keshokutwa. Wenye hoteli wanakuja kumkabidhi hoteli zote tatu. Watakula juu ya damu. Atanitambua mimi ni nani.

Mwalimu: Dada, subiri—

Dobi: Mashine namba moja inajaa maji sasa hivi. Nilisema nikupigie kwanza, usije ukasikia kwa watu.

Mwalimu: Nisikie nini? Amekufanya nini? Amekushika?

Dobi: Angenishika ningemng'ata. Hii ni zaidi.

Mwalimu: Basi zima mashine unieleze.

Dobi: Sizimi.

Mwalimu: Funga bomba tu la maji. Rangi haitakimbia.

Dobi: Haya. Nimefunga.

Mwalimu: Sema sasa.

Dobi: Huu uzi. Mimi nina miaka sita huku chini, unajua. Shuka zinashuka kwa kikapu kutoka vyumbani. Nyingi zinakuja hivi hivi. Nyingine zinakuja zimefungwa uzi mwekundu kwenye pembe, na kikaratasi kina namba ya chumba na tarehe. Agizo ni kwamba zenye uzi zisichanganywe. Zifuliwe peke yake, maji ya moto kabisa, mara mbili. Nikauliza, za nani hizi? Nikaambiwa ni za wageni maalum.

Mwalimu: Kumbe ndio huo uzi wa ule ujumbe wako.

Dobi: Nikaamini. Mimi mjinga nikaamini kwa roho yangu yote. Zikija zenye uzi nanawa mikono kwanza. Nazipiga pasi kwa utulivu, foronya zake nazikunja kwa ndani, kona juu ya kona. Wenzangu nawaambia, hizi msiguse, hizi nafanya mimi. Ulipokuja wewe, shuka zako zikashuka na uzi, nilizunguka chumba kizima cha kufulia nikiwaonyesha. Mdogo wangu huyu. Mdogo wangu ni mgeni maalum. Nilikuwa nazinusa, yaani.

Mwalimu: Na sasa?

Dobi: Asubuhi amenishukia Mama Funguo. Ana wiki mbili tu kazini. Ananiuliza, hivi kwa nini cha tisa kilifungwa uzi na cha kumi hakikufungwa, na wote walikuwa walimu? Nikamwambia labda mdogo wangu cheo chake kimepanda. Akanitazama. Akaniambia, mwenzangu, msimamizi alinifundisha siku ya kwanza: usitazame jina kitabuni, tazama sura.

Mwalimu: Sura?

Dobi: Umenisikia?

Mwalimu: Nimesikia.

Dobi: Nikakaa juu ya kikapu nikaanza kurudi nyuma. Yule daktari aliyekuja na mapacha, uzi. Yule mwanamuziki, uzi. Jaji, yule mama aliyeniachia zawadi, uzi. Bwana harusi na bibi harusi wa mwaka juzi, uzi. Wote weusi kama sisi. Miaka sita sijaona uzi kwenye shuka ya mgeni mweupe, hata wale vijana waliotapikia kitanda. Na unajua nilikuwa najiambia nini? Najiambia, watu wetu siku hizi wamekuwa wakubwa. Nilikuwa nafurahi huku chini, peke yangu, na pasi yangu.

Mwalimu: Dada.

Dobi: Wanatufua mara mbili kama wenye upele. Na mfuaji ni mimi. Shuka zako nimezichemsha mimi, kwa mikono hii, mara mbili, mwanangu, huku nikiimba.

Mwalimu: Dada, basi. Basi. Nipe dakika.

Dobi: Chukua. Mimi nafungua bomba.

Mwalimu: Usifungue. Usifungue hilo bomba, nakuomba kwa jina la mama.

Dobi: Usimwingize mama. Unataka nimwache?

Mwalimu: Nimesema umwache? Mimi? Nimepiga meza hapa mpaka Bi Hesabu ameacha kalamu. Nililala kwenye kile kitanda nikamshukuru kila aliyeingia. Nilikitandika mwenyewe asubuhi nisiwape kazi. Namtaka huyo mtu kuliko unavyomtaka wewe.

Dobi: Basi niache nimkomeshe.

Mwalimu: Kwa vitambaa vya meza? Ukivitia rangi, saa saba utakuwa nje ya geti, na wenzako wanne pamoja nawe, na Mama Funguo. Yeye atanunua vitambaa vingine jioni. Keshokutwa atawasimulia wenye hoteli habari za dobi mwenye wivu, watacheka, watakula. Na uzi utaendelea.

Dobi: Tena utazidi. Jana limekuja boksi. Nyuzi nyekundu tupu. Mtu wa stoo amenong'ona kwamba ni za zile hoteli mbili nyingine, akishakabidhiwa.

Mwalimu: Unaona? Akikabidhiwa hizo hoteli— [mtandao unakatika] —wa watu.

Dobi: Sikusikii.

Mwalimu: Nasema akikabidhiwa hizo hoteli, hakuna atakayemgusa tena. Tuna siku mbili. Bi Hesabu ananiuliza kuna nini, ngoja nimwambie. [minong'ono] Anasema labda ni bahati mbaya.

Dobi: Mwambie bahati mbaya haichagui sura miaka sita.

Mwalimu: Nimemwambia hivyo hivyo. Sasa uso wake mweupe umegeuka mwekundu, anataka kumpigia meneja amweleze kwamba si vizuri.

Dobi: Asithubutu. Atamshtua, kila kitu kitachomwa moto leo hii.

Mwalimu: Nimemnyang'anya simu. Macho yanamlenga machozi. Nimemwambia alie jioni, sasa hivi achukue karatasi aandike: alilala chumba cha kumi, tarehe kadhaa mpaka kadhaa, akiwa na barua moja na mimi. Aandike alichokiona tu. Sina haja na anavyojisikia.

Dobi: Ataandika?

Mwalimu: Anaandika. Dada, unamkumbuka yule fundi cherehani, mama wa mwanafunzi wangu, aliyenyimwa nyumba ya kupanga?

Dobi: Aliyeambiwa nyumba imeshachukuliwa?

Mwalimu: Huyo. Alikwenda saa nne, akaambiwa imechukuliwa. Saa nane nikamtuma huyu huyu Bi Hesabu, akazungushwa vyumba vyote, akaambiwa achague chumba cha watoto. Tukakimbia kwenye tume ya kupinga ubaguzi. Yule mwenye nyumba akaja na faili. Sisi tulikuja na hasira tu. Tarehe hatukuandika. Jina la aliyefungua mlango hatukuuliza. Tukashindwa, na alipotoka pale mlangoni alicheka. Kile kicheko ninacho humu kifuani mwaka wa pili huu.

Dobi: Kwa hiyo wataka nini?

Mwalimu: Nataka karatasi. Nataka huyu akalishwe kwenye kile kiti, asomewe mwandiko wake mwenyewe, na mimi niwe mstari wa mbele nimtazame usoni. Sasa niambie, una nini mkononi?

Dobi: Nyuzi zote ninazo.

Mwalimu: Nyuzi zote zipi?

Dobi: Za miaka sita. Mimi situpi uzi mzima, unanijua. Nilikuwa nazifungua natia kwenye kopo la maziwa. Kopo limejaa, nikaanza la pili. Nilitaka siku moja nikufumie kitambaa cha kiti. Cha heshima.

Mwalimu: Na vikaratasi vyake?

Dobi: Vinaning'inia humo humo. Namba ya chumba, tarehe.

Mwalimu: Eti nini? Umekaa nazo miaka sita?

Dobi: Nilikuwa najivunia, nimekwambia.

Mwalimu: Dada, wewe ni hazina. Kila chumba na tarehe yake kina jina kwenye kitabu cha mapokezi, na tume inaweza kukidai. Daktari, jaji, maharusi, wote watatafutwa. Wewe fikiria jaji akipokea barua ya tume.

Dobi: [anacheka kidogo] Yule mama mkali. Alinirudishia blauzi mara tatu kwa sababu ya kifungo.

Mwalimu: Sasa agizo lenyewe. Lilikuwa la mdomo?

Dobi: Limeandikwa. Tunalo daftari la chumba cha kufulia. Sheria yake meneja mwenyewe: agizo lolote liandikwe, yeye atie sahihi, eti tusije tukamsingizia. Na kila siku saa sita anashuka, anatia sahihi chini ya hesabu ya nguo za siku ile.

Mwalimu: Nisomee agizo.

Dobi: Ngoja. [karatasi zinafunuliwa] Hili hapa, daftari la kwanza kabisa. "Shuka za wageni maalum zifungwe uzi mwekundu, zifuliwe peke yake, maji ya moto, mara mbili." Sahihi yake hii.

Mwalimu: Wageni maalum.

Dobi: Ndiyo.

Mwalimu: Hakuna neno jingine? Rangi? Sura?

Dobi: Maalum tu.

Mwalimu: Mshenzi. Mshenzi aliyesoma.

Dobi: Kwani vipi?

Mwalimu: Atasimama pale aseme, mimi niliwaheshimu wageni hao, niliagiza wafuliwe vizuri zaidi. Na akikuita wewe uulizwe ulilielewaje agizo, utasema nini? Kwamba ulilielewa hivyo hivyo. Ulijivunia. Wewe mwenyewe ndiye shahidi wake.

Dobi: Yaani kunifanya zuzu miaka sita, halafu uzuzu wangu ndio umwokoe?

Mwalimu: Ndivyo alivyopanga.

Dobi: Nafungua bomba.

Mwalimu: Dada—

Dobi: Niache. Kama karatasi ni ya kwake basi nguo ni za kwangu. Nimechoka na akili. Kila siku sisi ndio wa kutumia akili, wao wanatumia uzi.

Mwalimu: Saa ngapi hapo?

Dobi: Saa sita kasoro dakika kumi.

Mwalimu: Anashuka saa sita kamili?

Dobi: Kama saa ya ukutani. Anatazama weupe wa shuka dirishani, anatia sahihi, anapanda kula.

Mwalimu: Huwa anasoma anachokitilia sahihi?

Dobi: Tangu lini? Anaandika akitazama saa. Siku moja niliandika "taulo sitini" mara mbili, akapitisha. Mama wa pasi aliwahi kuandika orodha ya vitu vya sokoni kwenye ukurasa ule, ikatiwa sahihi.

Mwalimu: Subiri. Subiri hapo hapo. Na agizo likiwa halieleweki, mnafanyaje?

Dobi: Tunamuuliza, anatueleza, tunaandika maelezo, anatia sahi—

Mwalimu: Umenipata?

Dobi: Nimekupata.

Mwalimu: Lakini hatakueleza hivi hivi. Ukimuuliza ghafla leo, baada ya miaka sita, atashtuka.

Dobi: Asishtuke kwa nini? Ananijua mimi ni mjinga. Ndicho kitu pekee anachokijua kuhusu mimi. [kikapu kinaburutwa] Ngoja kidogo.

Mwalimu: Unafanya nini?

Dobi: Yeye anaishi hapa hapa, ghorofa ya juu. Shuka zake zimeshuka asubuhi, ziko kwenye kikapu chake. Nazifunga uzi.

Mwalimu: Shuka za meneja?

Dobi: Pembe zote nne. Foronya nazo. Mgeni maalum kuliko meneja ni nani? Nimekosea tu, masikini, nimezidisha heshima.

Mwalimu: [anacheka] Wewe mwanamke.

Dobi: Usinichekeshe, fundo halikai. Kaa kwenye simu. Naitia mfukoni mwa aproni. Mama Funguo yuko pale kwenye taulo, anakunja taulo moja tangu asubuhi.

Mwalimu: Salio lake linatosha?

Dobi: Anasema liko kidogo. Ongea kidogo.

Mwalimu: Naiweka kwenye spika hapa. Bi Hesabu anaandika kila neno, na saa. Usigombane naye, dada. Usimtazame kwa jicho baya. Muulize tu, na uandike maneno yake yeye, usiyapambe.

Dobi: Najua kuandika.

Mwalimu: Najua unajua.

Dobi: Rangi naiweka chini ya meza. Ikishindikana, naimimina.

Mwalimu: Ikishindikana nakuja nikusaidie kumimina.

Dobi: Viatu vyake hivyo. Nyamaza.

Mwalimu: [kimya]

Dobi: [mbali kidogo] Shikamoo, meneja. Za asubuhi. Daftari hili hapa, namalizia hesabu ya leo. [sauti ya mwanamume, haisikiki vizuri] Kikapu kipi? Aa, hicho, si chako? Ndiyo, nimekifunga mwenyewe. [sauti inapanda] Uzi, ndiyo, meneja. Si ni wa wageni maalum? Nikasema meneja wetu anakabidhiwa hoteli tatu, nani maalum kumzidi yeye. Nilitaka zako nizifue mara mbili.

Mwalimu: [ananong'ona] Mungu wangu. Andika, Bi Hesabu.

Dobi: Samahani, meneja. Samahani sana. Mimi nimekosea, nisamehe. Basi nieleweshe, nisije nikarudia mbele ya wenye hoteli. Uzi ni wa nani? [sauti ya mwanamume] Nani? Sema tena, mashine hii inapiga kelele, masikio yangu nayo siku hizi. [sauti inasema tena, kwa nguvu] Aaa. Wa weusi.

Mwalimu: [ananong'ona] Andika na hilo.

Dobi: Wa weusi tu. Weupe hawafungwi. Ngoja niandike, wewe ndiye uliyesema kila kitu kiandikwe, na mimi kichwa changu hakishiki. "Uzi... ni wa shuka... za wageni weusi." Hata akiwa daktari? Hata daktari. "Hata akiwa daktari." Hata mwenye cheo. Na sababu, meneja, akiniuliza msimamizi? [sauti ya mwanamume, ndefu] Polepole, naandika. "Wageni wengine... hawapendi... kulalia... zilizolaliwa nao." Nao, hao weusi. Naelewa. Hapana, sikuudhika. Mimi niudhike nini, mimi dobi. Basi zako hazina uzi. Nazifungua hizi zote. Ndiyo. Ndiyo, meneja, weupe umetoka vizuri leo, jua lilikuwa kali. Hesabu iko hapo chini: shuka themanini, taulo sitini, foronya mia na sitini. Sahihi hapa. Hapo hapo. Kalamu yangu inagoma kidogo, ibonyeze. Asante. Chakula chema, meneja. [mlango unafungwa]

Mwalimu: Dada?

Dobi: Ametia.

Mwalimu: Ametia sahihi?

Dobi: Na tarehe. Alikuwa anatazama saa.

Mwalimu: Nisomee.

Dobi: Siwezi kukusomea tena, nitatapika. Nimeshayasema mara moja kwa mdomo wangu nikitabasamu.

Mwalimu: Basi usisome. Tumeyasikia. Saa sita na dakika mbili, Bi Hesabu ameandika ukurasa mzima. Anasema naye atakuja kesho kwenye tume, atasema aliyoyasikia kwa masikio yake.

Dobi: Mwambie avae viatu vizuri, atasimama muda mrefu. [sauti inakwaruza] Mama Funguo naye amesikia. Amekaa chini juu ya taulo.

Mwalimu: Yuko tayari kusema?

Dobi: Ngoja. [minong'ono] Anasema hajawahi kuwa tayari hivi tangu azaliwe. Anasema na maneno ya msimamizi atayasema, "tazama sura".

Mwalimu: Sasa fanya haraka. Simu hiyo hiyo, piga picha. Ukurasa wa leo, ukurasa wa agizo la kwanza, na jalada la daftari. Nitumie. Halafu makopo.

Dobi: Getini wanapekua.

Mwalimu: Wanapekua nini?

Dobi: Sabuni na taulo. Nyuzi hawajawahi kuziuliza. Nitawaambia nafuma.

Mwalimu: Wewe ufume. Kesho saa tatu, mlangoni kwa tume, ukiwa na makopo. Picha zinatosha kuanzia, daftari lenyewe watalidai wao kwa barua kabla hajashtuka. Na keshokutwa, hiyo karamu—

Dobi: Keshokutwa barua ya tume iwe mezani mwake. Kwenye kile kitambaa cheupe. Nitakinyoosha mwenyewe.

Mwalimu: Itakuwepo. Wenye hoteli wakiwa wameketi. Nitaipeleka kwa mkono wangu, na nikisharudi kutoka pale nitalala usingizi wa kwanza tangu kile kicheko.

Dobi: Ashikwe na aibu mpaka asijue aweke wapi uso.

Mwalimu: Dada.

Dobi: Ee.

Mwalimu: Zile shuka zangu.

Dobi: Usizitaje.

Mwalimu: Nazitaja. Zilinukia vizuri. Usiku wa pili nilijifunika mpaka kichwani, nikasema huyu aliyezifua ananipenda. Sikujua kama ni zamu yako. Basi, nilitaka ujue.

Dobi: We mtoto utaniliza, na nina kazi.

Mwalimu: Kazi gani tena? Rangi umeiweka wapi?

Dobi: Kwenye pipa la taka. Mama Funguo anasema salio linakatika, amesikia mlio.

Mwalimu: Haya, kata upige picha. Hiyo mashine naisikia inazunguka, umeweka nini humo?

Dobi: Shuka za meneja.

Mwalimu: Si alikwambia uzifungue?

Dobi: Uzi nimeuacha. Pembe zote nne. Peke yake, maji ya moto kabisa—

Mwalimu: Dada—

Dobi: —na zikitoka, nazirudisha tena. Mara mbili, kama alivyo—

[Simu imekatika.]